Wafiwa Kwanza

Shangazi alipofungua zipu ya lile begi, nilijua limetoka wapi kabla sijaona kilichomo. Sabuni ya waridi, udi, zabibu kavu na mpira wa viatu vipya, vyote vimefungiwa pamoja siku nyingi mpaka vimekuwa harufu moja. Nilikuwa kitandani, mtoto ana siku kumi na saba, matiti yamejaa yananiuma, na kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni ni, "Lifunge. Lirudishwe lilikotoka."

Shangazi akanitazama kama nimemzaba kofi. Lilikuwa begi la mama yangu, kalileta mtu aliyetoka Omani, na ndani mlikuwa na nguo za mjukuu wake wa kwanza, zimekunjwa vizuri kama za dukani. Mtu mwenye adabu angesema alhamdulillahi. Mimi niligeukia ukutani.

Wazazi wangu wote wawili ni walimu. Mama anafundisha hesabu, baba anafundisha Kiingereza, na tangu nikiwa darasa la kwanza wanafundisha huko Omani, katika mji mdogo ambao hata Waomani wenyewe ukiwatajia wanauliza uko wapi. Mkataba wao ulikuwa na nyumba ya walimu ya chumba kimoja na tiketi za watu wawili. Mtoto hakuandikwa. "Mwakani," waliniambia, na neno hilo nililisikia mpaka nikaota matiti. Nikabaki Makorora, Tanga, kwa shangazi yangu Zaina, dada yake baba, mjane asiye na mtoto, mwenye mdomo mpana na moyo mpana zaidi. Sikulala njaa, sikupigwa ovyo, sare zangu zilikuwa mpya kila Januari. Nasema hivyo mapema ili nyie mliolelewa kama mimi msinirukie. Najua kuna walioteseka. Mimi sikuteseka. Mimi nilikuwa nangoja tu, na kungoja nako ni kazi, ila hakuna anayekupa pole kwa kazi hiyo.

Walikuwa wanakuja mara moja kwa mwaka, kwenye mapumziko yao ya muhula, wiki mbili. Si likizo ndefu ya kiangazi cha huko. Hiyo waliifundishia masomo ya ziada. Na hayo mapumziko ya wiki mbili yalikuja wakati wa kaskazi, joto la kuchemsha ubongo, sisi huku shule ndiyo kwanza zimefunguliwa. Likizo yao haikuwa likizo yetu. Hebu fikirieni. Mama yako yuko nyumbani siku kumi na nne kwa mwaka mzima, na wewe siku hizo hizo uko darasani unaimba jedwali la sita.

Walishukia Mombasa, wakavuka mpaka wa Horohoro kwa basi, na siku ya kwanza ilikuwa sikukuu. Mama alinukia begi. Alikuwa mweupe kidogo kuliko nilivyomkumbuka, na alizungumza nami polepole, akimaliza kila neno, kama mwalimu anayehofia darasa halijamwelewa. Nilikaa ubavuni mwake nikahesabu bangili. Lakini mchana wa siku hiyo hiyo, sahani zikishaondolewa, shangazi alivaa miwani yake, akatoa daftari, akasema, "Haya wifi. Tuanze."

Kwetu, mtu aliyekuwa safarini akirudi, ana deni la miguu. Aliyefiwa wakati wewe haupo, lazima uende ukamhani kwake, ukae mkekani, umshike mkono. Haijalishi amezika mwezi uliopita au miezi kumi iliyopita. Kwako wewe msiba bado mbichi mpaka uutie mguu. Mgonjwa lazima umwone. Aliyezaa lazima umpe hongera na umbebe mtoto wake. Aliyeozesha vilevile. Usipofanya hivyo, utasikia habari zako: kajiona Muarabu, kasahau alikotoka, sisi siku hizi tunanuka. Na walimu wanajulikana na watu wengi kuliko mtu wa kawaida. Kila mtu ama wamesoma naye, ama wamefundisha naye, ama wamemfundishia mwanawe. Kwa hiyo shangazi alikuwa anaandika mwaka mzima. Kila mtu akifa, daftarini. Kila mtoto akizaliwa, daftarini.

"Wafiwa kwanza," alisema shangazi, kidole kwenye mstari. "Mzee wa pale msikitini, mkewe kafa mwezi wa Ramadhani. Mwalimu mwenzio yule wa Pongwe, mamake. Yule fundi cherehani wa barabara ya kumi na moja, mwanawe."

"Innalillahi! Yule mrefu?"

"Yule yule. Pikipiki. Kisha wagonjwa, ni wanne. Wazazi wapo saba, mwaka huu watu wamezaa, usiseme. Na Pangani kuna misiba miwili ya upande wako, hiyo mtalala huko. Muheza ni Bi Tatu, kafiwa na mumewe, yuko edani."

Mama akafumba macho. Bi Tatu alikuwa somo yake, yule mwanamke aliyemfunda alipovunja ungo na akamfunda tena alipoolewa. Kwa mwanamke wa kwetu, somo ni mama wa pili, na wengine humwogopa kuliko wa kwanza. "Muheza ningeanza nayo," mama akasema.

"Muheza inataka nusu siku. Iweke Ijumaa ya mwisho, asubuhi. Alasiri mrudi kwenye dua yenu ya safari. Jumamosi alfajiri mko kwenye basi."

Siku kumi na nne zikagawanywa mbele yangu, na mimi nimekaa pale pale, na sikutajwa.

Nilipata umri wa miaka tisa nikiwa nimeshajua jinsi ya kusoma kizingiti. Ukitoka shule, kabla hujasema hodi, unaangalia viatu. Viatu vya mama vilikuwa vyeusi vya ngozi, vyenye kifungo cha dhahabu. Vikiwepo, moyo unaruka. Karibu kila mara havikuwepo. Kulikuwa na ndala za shangazi na mwanya pembeni yake. Nilikula wali nikitazama mlango. Wakirudi ni magharibi imeshaingia, mama macho mekundu kwa kulia na watu, miguu imevimba, ananiuliza, "Shule vipi?" na kabla sijajibu kuna mtu barazani anasema hodi, kasikia wamekuja.

Siku moja tu nilichukuliwa. Ilikuwa Jumapili, tulikwenda kwa yule fundi cherehani. Huko nilimwona mama yangu akifanya jambo ambalo sikuwa nimefanyiwa. Alikaa mkekani na mke wa fundi, akalia naye kwanza, kisha akamvuta mtoto wao wa kike, rika langu hasa, akamlaza kichwa mapajani. Alimsuka kwa vidole bila kitana, taratibu, akimwimbia kitu chini chini. Saa nzima. Yule mtoto alilala. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango nimeshika mkoba wa mama.

Kichwa cha mtoto wa miaka tisa ni mashine ya ajabu. Mimi nilitoka pale nimeelewa kila kitu. Nilielewa kwamba ili mama akujie, lazima kwenu kuwe na jambo. Kufiwa ni bora, kuugua kunafuata, kuzaa si kubaya. Sisi nyumbani tulikuwa wazima wote. Hatukuwa na cha kumvutia.

Jumatatu nikamfuata shangazi jikoni anakuna nazi.

"Shangazi."

"Sema."

"Sisi tutafiwa lini?"

Mbuzi ya nazi ilisimama. "Shwaini! Nani kakufundisha maneno hayo? Unamtaka nani afe, mimi?"

"Sitaki ufe. Nataka mama aje kwetu."

"Mama yako si yuko hapa! Analala chumba kile! Una mashetani wewe?" Akanisukumia bakuli. "Kachuje tui. Na usirudie, malaika wanasikia wakasema amina."

Nikachuja tui nikiwa naogopa malaika. Shangazi baadaye alicheka peke yake, nikamsikia akiwasimulia majirani: mtoto huyu bwana, ataka tufe ili apate wageni. Wakacheka wote. Mimi nikaona kweli mimi ni mjinga, nikaapa sitamwambia tena mtu mzima ninachokitaka.

Wiki ya pili mama aliniahidi Jumatano. "Jumatano sitoki. Ukirudi shule utanikuta, tutakaa." Jumatano nilitoka shule mbio, mkoba unanipiga mgongoni, nikafika kizingitini: ndala za shangazi na mwanya. Mtu wa Chumbageni alikuwa amefariki alfajiri hiyo, mbichi kabisa, hata daftarini hakuwemo. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu. Kama mama anakwenda kwa watu, basi na mimi nitakwenda kwa hao watu nikangoje huko. Nitakuwa ndani ya nyumba anayoijia. Akiingia atanikuta mkekani pamoja na mfiwa, nami nitashikwa mkono.

Alhamisi wazazi wangu walikwenda Pangani kulala. Mchana wa siku hiyo akaja Rehema, binti wa Bi Tatu, kaja mjini kununua mchele na sabuni, akapita kusalimia. Nikamwambia shangazi nataka kufuatana naye Muheza.

"Na shule kesho?"

"Ni siku moja."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema, nataka kumngoja mama. Maneno matatu tu. Lakini nilikumbuka kile kicheko, nikakaza uso nikasema, "Hapa sitaki. Nataka kwa Bi Tatu."

"Hapa hutaki?" Shangazi akashika kiuno. "Haya, mwana wa mfalme. Nyumba yenyewe nataka kuifagia kwa ajili ya dua, nenda, unipunguzie kelele. Mama yako si yuaja huko kesho? Mtarudi wote."

Bi Tatu alikuwa amekaa chumbani kwenye mkeka, kavaa nguo nyeupe zisizo na hata ua moja, bila wanja, bila manukato, kama edani inavyotakiwa. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kukaa mbali ukaisikia. Nikampa shikamoo, akaniita karibu akanishika kidevu.

"Marahaba. Uso wa mwari wangu huu. Kesho ataja, siyo?"

"Ndiyo, Bi."

"Miezi mitatu nangoja. Wamekuja watu, wamelia, wamekula, wameondoka. Ila mimi kilio changu nimekiweka. Nitalia na yeye."

Nilimpenda palepale. Nilimwona mwenzangu. Mwanamke mzima, mnene, mwenye wajukuu, na anangoja kama mimi.

Ijumaa asubuhi Rehema alinikogesha, nikavaa nguo yangu ya Idi niliyokuwa nimeificha chini ya mkoba, ya manjano, yenye mshipi nyuma. Kwenye nyumba ya eda nimevaa manjano! Bi Tatu akanitazama akatabasamu tu. Walikuwa wameoka mkate wa sinia, nyumba nzima inanukia hamira na iliki, na hakuruhusiwa mtu kuukata. Nikakaa mlangoni. Kila gari likipunguza mwendo barabarani nilisimama, nikanyoosha nguo, nikakaa. Rehema akaniambia niingie ndani jua linaniunguza. Nikasema sisikii jua.

Watu walikuwa wamerudi kutoka sala ya Ijumaa simu ilipolia. Rehema akampelekea mama yake chumbani. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia upande mmoja.

"Nani? ... Uko wapi? ... Tanga mjini?" Akasikiliza. "Wanihani kwa simu, mwari wangu? Mimi? Mume wangu kafa, wanihani kwa simu kama mtu wa benki? ... Yupo. ... Aa, simleti. Sina mtu wa kumleta. Ukimtaka, mfuate."

Akakata. Akamrudishia Rehema simu bila kumtazama.

"Nani, Bi?" nikauliza.

"Mama yako." Alikuwa anatazama ukuta. "Rehema, ukate huo mkate. Mpe mtoto ale."

Sikuona kisa chochote hapo. Nilichosikia mimi ni mfuate, basi nikajua ananifuata. Nilirudi mlangoni na kipande changu cha mkate nikakishika mpaka kikawa makombo. Nilikaa alasiri, nikakaa magharibi. Mbu walipoanza, Rehema alinibeba mzima mzima akanitia ndani, mguu wangu mmoja umekufa ganzi. Bi Tatu hakulia siku ile. Alisali, akalala ubavu, na mimi nikalala nyuma yake.

Jumamosi asubuhi Rehema alinirudisha na mfuko wa machungwa. Tulifika Makorora kama saa nne. Viatu vya kifungo cha dhahabu havikuwepo. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, godoro limesimamishwa ukutani. Shangazi alikuwa anasugua masufuria ya pilau uani.

"Umekuja? Wamevuka Horohoro saa hizi." Hakuinua uso. "Furaha yako, si ulikuwa hututaki."

Nikayaweka machungwa chini. Sikulia. Nilikwenda kukaa chooni kwa sababu ndiyo sehemu pekee yenye kitasa.

Lakini hiyo Jumamosi siyo iliyonichoma. Iliyonichoma ni Jumatatu.

Nilipoingia darasani, Salma, tuliyekuwa tunakaa dawati moja, alinirukia. "We! Ijumaa ulikuwa wapi? Mama yako kaja!"

"Kaja wapi?"

"Hapa! Katufundisha! Mwalimu alikuwa hayupo, mama yako katufundisha sehemu mpaka tumetoka. Mkali, lakini mtamu. Kamwambia Juma, wewe ukigawiwa chungwa namna hiyo utalia. Tumecheka!" Akafungua daftari lake. "Angalia. Kanipigia vema zote."

Nikaangalia. Kalamu nyekundu, vema refu lenye mkia, na chini yake, kwa mwandiko ninaoujua kutoka kwenye barua: Vizuri sana, Salma. Nikachukua daftari la mbele, nikachukua la nyuma. Vizuri, Juma. Jitahidi, Asha. Wote. Darasa zima lilikuwa na mama yangu daftarini, jina moja moja, kwa mkono wake. Langu lilikuwa mkobani kwangu, safi.

Sasa nyie watu wazima mnaosoma mnajua kwa nini alikuja pale. Mimi sikujua. Naapa sikujua. Hesabu yangu ilikuwa moja: kawatembelea wafiwa, kawatembelea wagonjwa, kawatembelea wazazi, na alipowamaliza wote, akabakiza asubuhi moja, akaona bora awatembelee na wanafunzi wenzangu. Niliichana ile karatasi ya Salma. Salma akanivuta nywele, nikamng'ata mkono. Tulichapwa wote wawili mbele ya bendera, na yeye hakuwa na kosa. Salma, kama unasoma, nisamehe. Ni wewe peke yako ninayekuomba radhi katika habari hii.

Jioni ile mama akapiga simu. Shangazi akanipa, mkono wake unanuka kitunguu. Laini ilikuwa na mwangwi, kila neno langu linanirudia.

"Mwanangu. Ulikwenda Muheza ili unikimbie?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, si ya mwalimu. Leo ndiyo naisikia ile sauti jinsi ilivyokuwa. Siku ile nilisikia swali tu, na nilikuwa na alama za fimbo miguuni.

"Ndiyo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Sikutaki."

Nikasikia neno sikutaki likinirudia kwenye simu. Kisha mama akasema haya, akasema nisome kwa bidii, akaomba apewe shangazi.

Tangu siku hiyo mama yangu aliniogopa. Nasema aliniogopa, sina neno jingine. Walikuja mwaka uliofuata na wa baada yake, wafiwa kwanza kama kawaida, lakini sasa mama alikuwa akiniomba ruhusa. "Naweza kukaa hapa?" kwenye kitanda changu mwenyewe. "Unapenda nikusuke, au atakusuka shangazi?" Nami nikajibu, "Atanisuka shangazi." Kila mwaka. Hakuwahi kulazimisha. Nilikuwa namngoja alazimishe. Nilikuwa nasema sitaki huku roho inasema nivute, nivute kwa nguvu, nipige hata kofi, na yeye anasema haya, anatoka, anaufunga mlango taratibu. Ilipokuja ile mwakani yao hatimaye, nyumba kubwa na nafasi ya mtoto, nilikuwa kidato cha kwanza. Nikasema siendi. Wakasema haya.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani wakati nimegeukia ukutani, begi liko wazi, mwanangu wa siku kumi na saba ananiparura. Shangazi, aliyekuja kwangu kunikalisha arobaini yangu, alifunga zipu. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, na sauti yake ilikuwa kali.

"Utamchukia mpaka lini, wewe? Mtu aliyefuta Muheza kwa ajili yako?"

"Kufuta nini?"

"Ah! Ijumaa ile. Walipokuwa Pangani alimwambia kaka yangu, mimi kesho Muheza siendi, Bi Tatu nitamwomba radhi, kesho ni ya mwanangu. Kashuka kwenye gari moja kwa moja kwenye shule yako, akutoe mtoke wawili. Kaambiwa hujafika. Akasema nitamngoja, labda kachelewa. Darasa halina mwalimu, kashika chaki huku anatazama mlango. Mpaka mmoja mmoja wametoka na weye huonekani."

Nikakaa. Mtoto akaanza kulia, nikampa titi bila kumtazama. "Na alipofika nyumbani?"

"Kaniuliza yuko wapi. Nikamwambia kaenda kwa Bi Tatu. Kaniuliza, kwa nini? Nikamwambia ulivyosema. Hapa hutaki."

"Shangazi!"

"Si ndivyo ulivyosema? Nimzulie? Kapiga simu, Bi Tatu kamkatia. Mpaka yule mama kafa hakusema naye tena, unajua hilo? Somo yake! Watu wa dua washaanza kuingia. Nikamwambia, wifi, chukua gari, nenda. Kanitazama. Kasema, nikamburute mtoto anayenikimbia, na watu wote hawa wamenijia? Kajitanda ukaya wake akaenda kupakua pilau."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulirudi na machungwa, umenuna kama umekula ndimu!"

Nilimfokea shangazi yangu. Sikujali arobaini, sikujali majirani. Nilimwambia amekaa na hilo miaka yote kama mtu aliyekalia yai. Nilimwambia daftari lake limeandika kila maiti wa Tanga, likakosa nafasi ya mtoto mmoja aliye hai. Akalia. Nikamwacha alie. Na mama naye sijamsafisha, msinielewe vibaya. Muheza si Ulaya. Gari lipo, njia ni fupi, watu wa dua wangekula pilau bila yeye. Alikuwa mtu mzima na mimi nilikuwa na miaka tisa. Mwenye kuvuka barabara alikuwa yeye. Angekuja. Mpaka leo nasema angekuja tu, hata kunichapa.

Lakini nilikuwa na mtoto kifuani, ananyonya kwa ghadhabu, macho kayakodoa kama ananihoji. Nikachukua simu.

Ilikuwa mchana, huko wako mbele saa moja. Akapokea mlio wa pili, kwa hofu. "Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Begi limefika? Kama hukulipenda, si neno, unaweza ku—"

"Mama. Kule Muheza sikukukimbia. Nilikwenda kukungoja. Daftari lilisema Ijumaa unakwenda kwa Bi Tatu, nikatangulia. Nilivaa nguo ya Idi. Nilikaa mlangoni tangu asubuhi mpaka mbu."

Nyuma yake kulikuwa na kelele za wasichana, darasa zima, viti vinaburutwa, mmoja anamwita mwalimu, mwalimu, kwa Kiarabu, na mwingine naye, na mwingine. Nikafikiri sasa atasema, nina kipindi, nitakupigia. Nilikuwa tayari kabisa kwa hilo. Nilikuwa hata nimeshatengeneza tusi.

Nikamsikia akiwaambia neno moja, kali, sijawahi kumsikia akilisema namna ile. Kelele zikakatika. Mlango ukafungwa, nyayo zake zikaenda, zikasimama mahali penye kimya.

"Sema tena," akasema.